Muulize Anti: "Kaniambia nisimwambie mtu"

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na jambo moja, ukatili wa kijinsia kipindi cha majanga, yaani watu wamekimbia vita au mafuriko, wamefika sehemu wakidhani ndo wameshapona, halafu yanaanza mengine humo humo walimokimbilia. Kabla sijaanza kukaa hapa kujibu meseji zenu nilifanya ushauri nasaha kambini miaka kadhaa, kwahiyo mengine najibu kwa niliyoyaona na mengine kwa miongozo ambayo watoa misaada wenyewe wanatakiwa waifuate. Majina nimeyatoa yote na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha, mtu asije akajulikana.

"Shikamoo Anti. Maji yametutoa majumbani, tumewekwa kwenye shule, darasa moja tunalala familia nane. Leo alfajiri jirani yangu ninayelala naye ubavuni kanishika mkono, kaniambia usiku alipotoka kwenda chooni kuna mwanaume alimvuta nyuma ya ukuta akambaka. Anatetemeka tu. Kaniambia nisimwambie mtu yeyote, hata mumewe. Mi damu inachemka, nataka niende kwa kiongozi wa kambi huyo mtu akamatwe leo leo. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa kiongozi usiende. Sijasema ukunje mikono ukae, nasema hilo la kwenda kwa kiongozi ni lake yeye kuamua, kwasababu usiku wa jana kuna mtu kaamua juu ya mwili wake bila kumuuliza, na wewe leo ukimwamulia tena, hata kama nia yako ni safi kabisa, kwake inakuwa mara ya pili na hata jua halijachwa. Halafu fikiria, huyo mwanaume si anaishi hapo hapo? Usiku ukiingia kiongozi atakuwa kwake kajilalia, na jirani yako atakuwa pale pale pembeni yako, na maneno yatakuwa yameshazunguka madarasa yote. Nani anamlinda?

Ila muda unakimbia, na kuna vitu inabidi avijue leo, sio kesho. Dawa za kuzuia asiambukizwe VVU, zile za PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, siku tatu yaani, na anavyowahi ndo zinavyofanya kazi vizuri, anameza siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi mpaka siku tano, nayo kila siku ikipita inapungua nguvu. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa, kuna chanjo ya homa ya ini B ambayo isizidi siku 14, na sindano ya pepopunda kama ana majeraha. Na ikitokea siku tatu zimepita usimwambie umechelewa basi, aende tu, majeraha yanatibiwa, magonjwa yanatibiwa, na usingizi uliokataa kuja nao una watu wake wa kuongea nao.

Sasa mtu anatetemeka utaanza kumsomea saa 72 na siku tano? Hapana. Kaa naye kwanza. Mpe maji, mpe khanga ajifunike, mtafutie kona ambayo hamsikiki. Mwambie nakuamini. Mwambie sio kosa lako. Halafu muulize unataka nini sasa hivi, na anaweza akakujibu kitu cha ajabu kabisa, nataka ndoo ya maji nioge, nataka mtu amshike mtoto nilale, basi hicho ndo cha kuanza nacho. Usimuulize kwanini ulitoka peke yako, kwanini hukupiga kelele, alikuwa nani, alikuwa amevaaje. Yani hilo neno kwanini liache kabisa, liwe haramu mdomoni mwako kwa leo, kwasababu hata ukiliuliza kwa upole yeye analisikia kama hukumu. Wala usimwahidi tutamkamata, hujui kama mtamkamata.

Akitulia ndo unamwambia, kuna dawa, zina muda, ukitaka nakusindikiza, ukitaka unaenda mwenyewe, hutaki bado tunakaa. Basi. Na kabla hata hujamwambia hilo, nenda we mwenyewe kliniki ukaulize kama unauliza ya kwako, mtu akifanyiwa ukatili wa kingono hapa anahudumiwa na nani, chumba gani, saa ngapi, na dawa zipo? Nasema hivi kwasababu niliwahi kumsindikiza binti kwenye kliniki moja ya kambi, tumepanga foleni, nesi akatoa kichwa dirishani akauliza kwa sauti, nani huyo kaja kwa ajili ya kubakwa? Foleni nzima ikageuka. Binti alivuta mtandio akafunika uso, akageuka akaondoka, na mimi nilikuwa sijawahi kuuliza kabla chumba ni kipi wala pa kuingilia ni wapi. Ilikuwa kosa langu kama lilivyokuwa la nesi. Alirudi baada ya siku nne, hesabu mwenyewe ile saa 72 ilikuwa wapi.

Kuna sehemu watakudai fomu ya polisi kwanza. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iko wazi kwamba matibabu hayasubiri polisi, kwahiyo wakikomaa omba kuongea na daktari mwenyewe. Ila uliza pia sheria ya hapo inasemaje, kwasababu kuna nchi mhudumu wa afya analazimika kutoa taarifa, na kama ni hivyo jirani yako alijue kabla hajafungua mdomo, asije akagundua baadae. Akifika ndani ana haki ya kukataa kipimo chochote, anaweza akachukua dawa tu akakataa kuchunguzwa. Na wakitaka kumpima ubikira kwa vidole akatae, hicho kipimo kisayansi hakina maana yoyote, Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walishasema mwaka 2018 kikomeshwe. Nguo za jana kama anafikiria kesi huko mbele aziweke kwenye karatasi au kitambaa, sio nailoni, nailoni inaozesha ushahidi. Kama ameshaoga na kufua asijilaumu, matibabu yako pale pale.

Akisema siendi, haendi. Inauma, najua. Unamwambia ukibadili mawazo hata saa nane usiku niamshe.

(Angekuwa ni mtoto ningekujibu tofauti. Mtoto haachiwi abebe uamuzi peke yake, hapo unatafuta mtu mzima salama na mhudumu wa ulinzi wa watoto, ila bado unamwambia mtoto kila hatua mnayokwenda kufanya na unamsikiliza anachokiogopa.)

"Anti habari za kazi. Mimi ni fundi, shirika limetupa kazi ya kujenga vyoo na kufunga taa kwenye kambi mpya. Kila mitingi kuna dada anasimama kuongelea ukatili wa kijinsia, nusu saa nzima. Bosi wetu kasema hapa hakuna kesi hata moja iliyoripotiwa kwahiyo tusipotezeane muda. Na mimi naona kila mtu afanye kazi yake, sisi ni vyoo. Nimekosea?"

Nzuri kaka. Ndio umekosea, ila na bosi wako kakosea zaidi. Kesi sifuri haina maana ukatili sifuri, mara nyingi inamaanisha hakuna pa kuripoti, au pa kuripoti pako karibu na kijiwe cha wale wale wanaofanya. Ndo maana miongozo ya pamoja ya mashirika ya misaada, iliyotoka 2005 ikaandikwa upya 2015, inamwambia kila mfanyakazi, awe wa maji, wa chakula au wa mahema, achukulie kwamba ukatili upo na aanze kazi, asisubiri data.

Sasa wewe na vyoo vyako. Soma tena barua ya huyo dada wa juu, alikuwa anakwenda wapi? Chooni. Yani we fundi ukipima vibaya unaweza ukafanya madhara ambayo huyo dada wa mitingi hawezi kuyarudisha kwa nusu saa zake mia. Viwango vya Sphere ambavyo mashirika yanatumia dunia nzima vinasema choo kimoja kisizidi watu 20, kisiwe mbali zaidi ya mita 50 na wanapolala, cha wanawake na cha wanaume vitengane, na kwa kila cha wanaume kimoja vya wanawake viwe vitatu. Na mlango ufungwe kwa ndani. Unacheka? Niliona safu nzima ya vyoo vipya vimepakwa rangi vinapendeza, komeo zote ziko nje. Nje! Fundi alifunga mlango usipigwe na upepo, hakuwaza kwamba kuna mtu atakuwa ndani. Wanawake wakawa wanaenda wawili wawili, mmoja anaingia mwenzake anashikilia mlango kwa mgongo, na ikifika saa kumi jioni wanaacha kunywa maji ili usiku wasibanwe. Wengine walikuwa wananyonyesha. Hakuna aliyeripoti, ripoti ya mwezi ilisomeka vyoo 40 vimekamilika.

Taa nazo uwe nazo makini. Ukimulika choo tu na njia ukaiacha giza umewasaidia vijana wakapate pa kukaa kupiga stori usiku, mwanamke anapita giza halafu anaingia kwenye mwanga wanamwona vizuri. Mulika na njia, au wape tochi za sola. Na kabla hujachimba shimo, tembea na wanawake wenyewe mchana na ikiwezekana jioni, bila viongozi wanaume kuwafuata nyuma, uwaulize wapi hampiti. Usiwaulize nani kabakwa wapi, hilo sio lako na unaweza ukamfungua mtu kidonda ambacho huna cha kukifunga. Uliza tu wapi hampiti na kwanini, hapo kwanini inaruhusiwa. Watakuonyesha mti, watakuonyesha kona ya bomba, na njia ya kuokotea kuni, na utahamisha michoro yako, niamini.

Halafu beba namba au sehemu ya kuwaelekeza watu, kwasababu fundi anayekaa siku nzima pale anaaminika, ipo siku mtu atakuja kukuambia wewe. Siku hiyo fanya nilichomwambia yule dada wa juu. Kwahiyo dada wa mitingi msikilize, muulize maswali, maliza nusu saa yako.

"Anti, huyu kaka anayetuandikisha majina ya msaada jina langu kila siku halionekani kwenye listi. Jana kaniambia nikija kwake jioni litaonekana. Nina watoto watatu. Nikimshtaki si ndo kadi inapotea moja kwa moja?"

Mama watoto pole, na nikuambie kwanza kitu ambacho hao akina kaka hawapendi mkijue. Msaada ni bure. Sio hisani yake, hautoki mfukoni mwake, na kukuomba mwili ili akupe ni kosa la kufukuzwa kazi, hata kama ulikubali, hata kama alikulipa, hata kama nchi unayoishi haikatazi. Umoja wa Mataifa uliandika hiyo sheria kwa watu wake Oktoba 2003, na mashirika mengine yana kanuni zile zile. Chini ya miaka 18 ndo kabisa, hata akisema nilidhani ni mkubwa haimsaidii.

Iliandikwa kwa aibu, sio kwa wema. Mwaka 2002 kulitoka ripoti ya Liberia, Guinea na Sierra Leone ikionyesha wafanyakazi wa misaada walikuwa wanabadilishana chakula na mabinti wa kambini kwa ngono. Na msidhani iliisha, tume huru ya mwaka 2021 iliyochunguza kipindi cha Ebola huko Kongo ilikuta watuhumiwa zaidi ya 80, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani lenyewe. Kwahiyo mtu akikwambia unamsingizia mtoa msaada, mwambie historia haiko upande wake.

Hofu yako ya kadi ni ya kweli, sitaidharau. Huna haja ya kumshtaki kwa shirika lake mwenyewe kama huliamini. Peleka kwa shirika jingine hapo kambini, kwa dada wa kituo cha wanawake, kwa namba ya malalamiko kama ipo, wote wana wajibu wa kulifikisha, na mfanyakazi akisikia tetesi tu za mwenzake anatakiwa aseme, hahitaji ushahidi. Waambie mambo mawili kwa pamoja, malalamiko yangu hayo, na jina langu liangaliwe na mtu mwingine leo. Lile la pili usilisahau, wengi wanapeleka kesi wanasahau chakula. Na jioni usiende. Akikuita kwa meseji zitunze.

"Nina grupu la kujitolea la vijana. Kuna binti kafanyiwa unyama, tumepiga picha na ameelezea kwenye video, tunataka kuposti watu wachange. Uso tumeublur. Una ushauri?"

Futeni. Leo. Uso mmeuficha lakini sauti ipo, nguo ipo, hema nyuma lipo na grupu lenu kila mtu anajua mnafanya kazi wapi, kambi nzima itamjua kwa dakika tano, na mwenyewe aliyefanya ataiona pia. Na huyo binti alikubali akiwa na njaa mbele ya watu walioleta msaada, hiyo unaiita ridhaa? Watu wanaofanya kazi hii hata kwenye makaratasi yao hawaandiki jina, wanaandika namba, na faili linafungiwa. Wala msipite hema kwa hema kutafuta waliofanyiwa, mkijulikana mnatafuta hao basi kila mlango mtakaogonga unakuwa na alama. Mnataka kusaidia changeni nauli, taulo za kike, sabuni, tochi, ziende kwenye kituo cha wanawake, kituo kitajua zigawiweje.

"Mume wangu hakuwa hivi. Tangu tukimbie anapiga, anachukua pesa yote ya msaada. Wazee wametukalisha mara mbili, anaomba msamaha, wiki anarudi pale pale. Wanasema ni stresi ya vita, nivumilie."

Dada, stresi anayo, sikatai. Lakini na wewe umekimbia vita hiyo hiyo na hujampiga mtu, na yeye mwenyewe hampigi anayegawa msaada wala mlinzi wa getini, si ndio? Stresi yake inajua pa kwenda. Anapiga pale anapojua hatafanywa kitu.

Hivyo vikao vya wazee mimi sivishauri, na viwango vya kimataifa vya kazi hii navyo vinakataza mashirika kusuluhisha kesi kama hizi, kwasababu mnakalishwa kama watu wawili sawa na hamko sawa, ukisema ukweli mbele yake unarudi naye nyumbani. Kama umeshakalishwa na ikabidi ukae, sema kidogo.

Sikwambii uondoke, wewe ndo unajua, na kuondoka kwenyewe mara nyingi ndo kipindi cha hatari kuliko vyote, kwahiyo hata ukiamua usimtangazie. Anza na vidogo. Karatasi zako na za watoto au hata picha zake ziweke kwa mtu unayemwamini. Kubalianeni na jirani neno moja, ukimtuma mtoto kuomba chumvi saa za usiku ajue sio chumvi. Ugomvi ukianza toka kwenye kona yenye visu na mawe ya moto, sogea mlangoni. Na pesa, nenda kwa wanaoandikisha ukaombe kadi ya jina lako mwenyewe, mwanamke mkimbizi ana haki ya kuwa na kitambulisho chake, halazimiki kuwa mstari chini ya jina la mume. Ila ongea kwanza na mshauri wa kituo cha wanawake mpange mume ataambiwaje, wengine wanasema mfumo umebadilika, kila mtu mzima na kadi yake. Uongo mdogo, sina tatizo nao.

"Mimi ni mwanaume. Walinishika kwenye kizuizi njiani wakati tunakimbia. Sijui niandike nini. Hivi na sisi tunatibiwa?"

Mnatibiwa kaka yangu, dawa zile zile, saa 72 zile zile, na kama zimeshapita bado kuna vingine vya kutibu. Hauko peke yako hata kidogo, kwenye vita wanaume na wavulana wanafanyiwa haya, hasa kwenye vizuizi na mahabusu, na Baraza la Usalama lenyewe liliwataja kwenye azimio 2106 la mwaka 2013. Kama mwili wako uliitikia kwa namna ulivyoitikia hiyo haina maana ulitaka, mwili unaitikia hata kwa hofu, na haikubadilishi wewe ni nani.

Kituo cha wanawake sio sehemu yako, wasikupeleke huko. Nenda kliniki. Ukifika mlangoni usimweleze mtu chochote, sema nina maumivu ya ndani nataka kumwona daktari faraghani, na una haki ya kuchagua kama awe mwanaume au mwanamke. Niandikie tena ukitoka, hata kama hukuingia.